Harriet Tubman: Mtoro Aliyelitumikia Jeshi

Harriet Tubman alizaliwa utumwani katika jimbo la Maryland, Marekani, yapata mwaka 1822. Alitoroka mwaka 1849, kisha akarudi mara kwa mara kuwaokoa wenzake wapatao 70.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, watumwa walianza kukimbilia kambi za jeshi la Kaskazini. Mwaka 1862 Harriet alikwenda Beaufort, South Carolina, walikojaa wakimbizi hao, akawauguza kwa dawa za mizizi. Waliponung'unika kwamba yeye hupewa posho ya jeshi, aliiacha, akawa anaoka mikate usiku ili ajikimu.

Kwa habari alizopewa na watumwa, alijua mahali mabomu yalipotegwa mtoni Combahee. Usiku wa kuamkia Juni 2, 1863, aliwaongoza huko askari weusi wa Kanali James Montgomery; watu zaidi ya 700 wakakombolewa.

Hakulipwa haki yake ipasavyo. Hata mwaka 1899, uzeeni, ndipo pensheni yake ilipofikia dola 20 kwa mwezi. Alifariki Machi 10, 1913, akazikwa kwa heshima za kijeshi.

Askari na akumbuke: mkimbizi abishaye lango la kambi huenda ndiye aijuaye njia.