Vinoo Mankad: Jina Lililogeuzwa Kitenzi

Wanafunzi wa mofolojia wanafahamu fika kwamba nomino ya pekee huweza kugeuka ikawa neno la kawaida la lugha. Aghalabu mwenye jina huneemeka kwa mageuzi hayo. Vinoo Mankad, mchezaji wa kriketi wa India, hakuneemeka. Waandishi wa michezo wa Kiingereza walilitwaa jina lake wakaliundia kitenzi, na kwa zaidi ya miaka sabini kitenzi hicho kikabeba dhana ya ujanja usio wa kiungwana. Lau tungekitohoa, tungesema kumankadi. Makala haya yanamhusu mtu aliyefunikwa na neno hilo.

Mulvantrai Himmatlal Mankad alizaliwa tarehe 12 Aprili 1917 mjini Jamnagar, katika rasi ya Kathiawar, magharibi mwa India. Vinoo lilikuwa jina la utani. Alipiga mpira kwa mkono wa kulia na kuurusha kwa wa kushoto. Mirusho yake haikutegemea kasi: aliuzungusha mpira kwa vidole, ukaenda taratibu, ukadunda, kisha ukapinda na kumwacha mpigaji akipiga hewa. Wachezaji wanaomudu kazi zote mbili katika kiwango cha kimataifa ni adimu. Vita Vikuu vya Pili vilimcheleweshea nafasi, hata akaanza kuiwakilisha India mnamo Juni 1946 uwanjani Lord's, London, akiwa na umri wa miaka 29.

Tangu mwaka 1932 India ilikuwa imecheza mechi hizi kuu, zijulikanazo kama Testi, pasipo kushinda hata moja. Mwezi Februari 1952, mjini Madras, Mankad aliwatoa Waingereza wanane kwa mikimbio 55 katika zamu ya kwanza na wanne katika zamu ya pili. Huo ndio ushindi wa kwanza wa India.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo angebembelezwa. Wateuzi hawakumpa uhakika wa kumjumuisha katika ziara ya Uingereza mwaka uo huo, naye, akiwa mtu anayeishi kwa mchezo, akatia saini mkataba na klabu ya Haslingden huko Lancashire. India ikaenda bila yeye. Katika Testi ya kwanza mjini Leeds, wapigaji wanne wa India walitolewa katika zamu ya pili kabla ya timu kupata mkimbio hata mmoja. Hapo klabu ikaombwa imwachilie. Mankad akaingia Lord's, akafungua zamu kwa mikimbio 72, akarusha ova 73 katika zamu moja ya Waingereza na kuwatoa watano, kisha akarudi kupiga na kupata 184. Kabla ya mechi kwisha alikuwa amerusha ova 97, yaani mirusho zaidi ya 580. India ilishindwa kwa wiketi nane, lakini mechi hiyo hadi leo hutajwa kwa jina lake.

Mafanikio mengine yalifuata. Januari 1956 alipata mikimbio 231 dhidi ya New Zealand, akishirikiana na Pankaj Roy kuweka rekodi ya 413 kwa wafunguzi wa zamu, rekodi iliyodumu hadi 2008. Alistaafu mwaka 1959 baada ya Testi 44, mikimbio 2,109 na wiketi 162.

Turejee sasa kwenye kitenzi. Katika kriketi wapigaji wawili husimama kila mmoja upande wake, na yule aliye upande wa mrushaji huwa na tamaa ya kutoka kwenye mstari mapema ili apunguze safari ya kukimbia. Sheria ilimruhusu mrushaji kuviangusha vijiti na kumtoa. Huko Sydney mwaka 1947 Bill Brown wa Australia alikuwa na mazoea hayo. Katika mechi ya awali ya ziara hiyo Mankad alimwonya, kisha akamtoa. Mwezi Desemba, katika Testi, Brown alirudia, naye Mankad akamtoa bila onyo jingine. Magazeti ya Australia yakawaka. Don Bradman, nahodha wa Brown mwenyewe, alimtetea Mankad katika kitabu chake, lakini neno lilikwisha kutoka. Mrushaji aliyefuata sheria akaundiwa kitenzi cha lawama. Mpigaji aliyeiba hatua hakuundiwa chochote.

Mankad alifariki mjini Bombay tarehe 21 Agosti 1978. Mwaka 2021 Baraza la Kimataifa la Kriketi lilimwingiza katika orodha yake ya mashujaa, na Oktoba 2022 kifungu kinachohusika kikahamishwa kutoka sheria za mchezo usio wa haki, kikawekwa miongoni mwa njia za kawaida za kumtoa mpigaji. Watangazaji wengi bado hulitumia jina lake.