Mtoto wa Waimbaji: Maisha ya Daniel Owino Misiani

Masomo: 1 Mambo ya Nyakati 25:1–7, Mithali 22:6, Waefeso 6:4

Juma hili, katika maisha ya watu waliotutangulia, hatuleti mhubiri wala mmishonari. Tunamleta mtu ambaye wengi wenu mlimsikia kwenye redio kabla hata hamjaokoka: Daniel Owino Misiani, D.O. mwenyewe, kiongozi wa Shirati Jazz. Najua kuna mtu atauliza, sasa mwanamuziki wa benga anatafuta nini kwenye jarida la kanisa? Vumilia kidogo. Maisha yake yanagusa jambo lililo ndani ya nyumba zetu hapa Kisumu, na mzazi mwenye mtoto anayependa muziki asome mpaka mwisho.

Daniel Owino alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 kijijini Nyamagongo, karibu na Shirati, upande wa Tanganyika wa ziwa letu. Siku hizi huko ni Mkoa wa Mara, Tanzania. Ukitoka hapa Kisumu ukapita Homa Bay, ukafika Migori na kuvuka mpaka, watu utakaowakuta ng'ambo wanaongea Kijaluo kama sisi na wanavua samaki wa ziwa lile lile. Mpaka ulichorwa na Wazungu, lakini nyimbo hazikuuona. Zilivuka kila siku, na baadaye Owino mwenyewe akavuka nazo.

Babake na mamake wote wawili walikuwa waimbaji. Tena walikuwa watu wa dini sana. Injili ilikuwa tayari imefika pande hizo. Wamenoniti walifungua misheni yao Shirati mwaka wa 1934, miaka sita kabla ya huyu mtoto kuzaliwa. Kwa hivyo usidhani alitoka katika nyumba isiyojua Mungu, wala nyumba isiyojua muziki. Sauti aliikuta nyumbani, kama vile mtoto wa mvuvi anavyokuta nyavu zimeanikwa uani. Hakuna aliyehitaji kumfundisha kwamba wimbo ni kitu kikubwa. Alilala akiusikia, akaamka akiusikia.

Sasa shida ilitoka wapi? Shida ilikuwa gitaa.

Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo. Kabla ya gitaa, mfalme wa vyombo katika nchi ya Wajaluo alikuwa nyatiti. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, anavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye chombo, huku vidole vya mikono vikicheza na nyuzi na mdomo ukisimulia. Mpigaji wa nyatiti hakuwa wa kuchekesha tu. Alikuwa anajua ukoo wa nani ulitoka wapi, nani alikuwa shujaa, na nani alikuwa mchoyo. Alisifu na alikemea. Lakini tukisema ukweli, alipigia pia mahali ambapo pombe ilimwagika, kwenye matanga ya usiku kucha na karamu za kienyeji.

Kisha reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, mji ukakua na wageni wakaja. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mwaka wa 1945, wanajeshi walirudi na mambo mapya, gitaa na santuri zikiwemo. Vijana wa Nyanza wakachukua lile gitaa wakaanza kulipiga kama nyatiti. Badala ya kulipapasa nyuzi zote kwa pamoja, wakawa wanadonoa noti moja moja, haraka, zikifuata sauti ya mwimbaji. Hata jina halikubadilika: nyatiti ni thum, na gitaa nalo likaitwa thum. Huko ndiko benga ilikotoka.

Hebu sasa fikiria baba wa Kikristo wa siku zile. Yeye na mkewe wanaimba, lakini wanamwimbia Bwana. Wameacha pombe na karamu za usiku. Halafu mtoto wao anarudi nyumbani ameshika kile kile chombo kinachopigwa huko walikotoka. Wazazi walikataa. Inasimuliwa kwamba gitaa la kijana liliharibiwa pale pale nyumbani kwa mkono wa babake, ili lile jambo liishe.

Wapendwa, tusimdharau yule baba. Alikuwa na sababu. Vijana wangapi wa pwani hii ya ziwa waliingia kwenye muziki wa usiku na hawakurudi? Mzazi anayeona hatari na kunyamaza hampendi mtoto wake. Lakini angalia kilichotokea. Gitaa liliharibika, lakini muziki ulibaki ndani ya mtoto, maana hakuutoa kwenye mbao zile. Aliutoa kwa baba na kwa mama. Mzazi alipiga kile alichokiona, na kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa amempa mtoto kikabaki kizima.

Kijana akaondoka. Aliwasikiliza wanamuziki waliokuwa wakizunguka vijijini, akajifunza kwao, kisha akavuka mpaka akaja Kenya. Mwaka wa 1965 alirekodi kwa mara ya kwanza, pamoja na kikundi kilichoitwa Victoria Boys. Bendi ikabadilisha jina mara kadhaa, ikawa Luo Sweet Band, kisha Shirati Luo Voice, na mwishowe ikajulikana kote kama Shirati Jazz.

Simama hapo kidogo. Shirati! Kijana aliyekataliwa na gitaa lake kule kwao alikuwa huku Kenya, mbali na nyumbani, ana uhuru wa kujiita jina lolote. Akachukua jina la kwao akaliandika kwenye santuri. Mtoto anaweza kufukuzwa na nyumba lakini nyumba isitoke ndani yake.

Bendi hiyo ilidumu miaka arobaini. Wakati huo santuri za benga kutoka Nyanza zilisafiri mbali kuliko wanamuziki wenyewe. Zilifika hata Zimbabwe, na kule mtindo huo ukaitwa kanindo, kwa jina la mfanyabiashara wa santuri, Phares Oluoch Kanindo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 muziki wa Shirati ulifika Uingereza, na mwaka wa 1989 albamu zake zikatolewa London, mojawapo ikiitwa Benga Blast! Watu wasiojua neno moja la Kijaluo walikuwa wanasikiliza vidole vilivyofunzwa na nyuzi za ziwa hili.

Lakini hapa nyumbani watu hawakumpenda D.O. kwa vidole tu. Walimpenda kwa maneno. Walimpa jina la Mfalme wa Historia. Kwa nini? Kwa sababu alisimulia. Aliimba habari za kale za Wajaluo, aliimba mambo ya serikali, na sikiliza hili, aliimba habari za watu wa Biblia. Alikuwa anachukua kisa cha Maandiko au hadithi ya wanyama na kukiweka mbele ya wakubwa kama kioo. Mkubwa akijiona mle ndani, shauri yake. Wengine walijiona na wakakasirika. Zaidi ya mara moja Misiani aliwekwa ndani kwa sababu ya nyimbo zake, lakini hakuacha kuimba.

Mfano huo tunaujua. Nabii Nathani hakuingia kwa Daudi akipiga kelele. Alimpa mfalme hadithi ya kondoo mmoja wa maskini, na mfalme akajihukumu kwa mdomo wake (2 Samweli 12). Sisemi Misiani alikuwa nabii. Nasema ile namna ya kusema ina mizizi. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya watu wa dini alibeba visa vya Biblia mpaka mahali ambapo mchungaji hangeingia, na watu walivisikia wakiwa na chupa mkononi.

Tarehe 17 Mei 2006, Daniel Owino Misiani alifariki katika ajali ya barabarani hapa Kisumu. Alikuwa na umri wa miaka 66. Jina la Shirati Jazz halikuzikwa naye, liliendelea kupigwa.

Hatuandiki haya ili kuhukumu roho yake. Hiyo si kazi ya jarida, ni kazi ya Mungu. Wala hatuwaambii vijana waende kwenye kilabu. Tunaandika kwa sababu kuna mambo matatu ambayo nyumba zetu zinahitaji kuyasikia.

Kwanza, kipawa cha ukoo hakifi kwa kukatazwa. Kinahama tu. Kama mlango wa mbele umefungwa, kitatokea dirishani. Mzazi anaweza kuvunja gitaa, kuficha simu au kukata waya wa spika. Lakini kama muziki uko katika ukoo wenu, mtoto ataupeleka kwa mtu mwingine ambaye hatauvunja. Swali ni huyo mtu mwingine ni nani, na atamfundisha nini zaidi ya nyuzi.

Pili, Neno lililopandwa mapema halipotei bure. Wazazi wa Misiani walidhani labda wameshindwa. Lakini kile walichokiimba nyumbani kiliendelea kusikika katika kazi ya mtoto wao, miaka mingi baadaye. Mama, wewe unayeimba jikoni ukiosha vyombo asubuhi, usidhani hakuna anayesikia. Yule mtoto anayejifanya amelala anasikia. Mithali 22:6 inataka tumlee mtoto katika njia yake, na malezi mengi hupita masikioni.

Tatu, na hili ndilo kubwa, urithi unahitaji mlezi. Fungua 1 Mambo ya Nyakati 25. Daudi alipopanga huduma ya hekalu, aliita familia: wana wa Asafu, wana wa Hemani, wana wa Yeduthuni. Hemani peke yake alikuwa na wana kumi na wanne na binti watatu. Hao wote walikuwa chini ya mkono wa baba yao katika uimbaji, wakiwa na matoazi, vinanda na vinubi. Hesabu ya waliofunzwa kuimba ilifika 288, na wakapiga kura kwa zamu, mwalimu na mwanafunzi sawa. Umeona jambo hilo? Baba hakusimama mbali akikataza. Alisimama katikati, ana kinubi chake mkononi, na watoto wamemzunguka. Alijua wanapiga nini, wanapigia wapi, na kwa ajili ya nani.

Hiyo ndiyo tofauti. Babake Misiani alikuwa mwimbaji na mwanawe alikuwa mwimbaji. Ni chombo kimoja tu kilichosimama kati yao, na hakukuwa na mtu wa kukaa nao wawili aseme, mzee, hebu tulilete hili gitaa kanisani tuone linaweza kumsifu nani. Leo gitaa hilo hilo liko madhabahuni kila Jumapili. Tunacheza mbele za Bwana kwa mdundo wa benga, mama wanapiga vigelegele, na hakuna anayeshtuka. Kilichovunjwa zamani ndicho leo tunakipandisha jukwaani. Basi tujiulize, ni kitu gani leo tunakivunja ambacho wajukuu wetu watakiabudia nacho Mungu?

Tuje karibu zaidi. Tunao vijana, kuanzia Manyatta mpaka Nyalenda, wanaopiga kinanda, besi na dramu. Jumapili wako hapa. Ijumaa usiku wengine wanaitwa kwingine, kwa sababu huko wanalipwa na huku hatujawahi kuuliza hata nauli ya mazoezi wameitoa wapi. Kijana akienda, tunamsema. Akirudi, tunamweka kando. Ni wazee wangapi hukaa kwenye mazoezi ya Alhamisi, si kukagua nguo, bali kusikiliza tu na kumjua kijana kwa jina? Waefeso 6:4 inawaambia akina baba wasiwachokoze watoto wao bali wawalee. Kukemea bila kulea ni nusu ya kazi, na nusu hiyo peke yake huwa inamsukuma mtoto nje.

Fanya hivi juma hili. Kama una mtoto mwenye kipawa cha muziki, kaa naye jioni moja, zima televisheni, mwambie akupigie anachopenda. Usikatize. Akimaliza, mwambie ulikotoka wewe: nyanya yako aliimba nini, babu alipiga nyatiti au hakupiga, wimbo gani ulikuleta kwa Yesu. Kisha mwambie wazi unachokiogopa. Mtoto anayejua hofu yako na pia upendo wako ana kitu cha kumshika akifika njia panda.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni kipawa gani kinachopita katika ukoo wenu kutoka kizazi hadi kizazi? Nani anakilea sasa?
2. Soma 1 Mambo ya Nyakati 25:6–7. Kazi ya baba katika uimbaji ilikuwa nini? Inaonekanaje katika nyumba yako?
3. Kanisa letu lifanye nini ili kijana mwenye chombo asilazimike kuchagua kati ya nyumba ya Mungu na mkate wake?

Maombi

Baba wa mbinguni, wewe ndiwe uliyeweka wimbo ndani ya familia zetu kabla hatujakujua. Tupe macho ya kuona kipawa mahali tunapoona hatari peke yake, na hekima ya kukaa karibu. Walinde vijana wetu Ijumaa usiku kama Jumapili asubuhi. Warudishe wale walioondoka na vyombo vyao. Na kile tulichokivunja kwa kutokujua, wewe kiponye. Katika jina la Yesu, Amina.