CHARLIE CHAPLIN: CHALE ASIYESEMA NENO

Ukifungua kamusi utalikuta neno chale zaidi ya mara moja. Kuna chale za kuchanja mwilini, na kuna chale mtu, yaani mchekeshaji. Wazee hutuambia kwamba huyu mtu alipata jina lake kwa Mwingereza mmoja mfupi mwenye masharubu mithili ya kipande cha brashi. Basi wale waliouliza katika mkutano wa chama ati Charlie Chaplin anaingiaje katika gazeti la Kiswahili, ilhali sinema zake hata hazina maneno, nadhani nimewajibu. Isitoshe, mtu asiyesema waweza kumsimulia kwa lugha yoyote uipendayo.

Nitayasimulia maisha yake, lakini nitakaa zaidi kwenye zile sinema zake fupi za dakika ishirini na kidogo hivi, maana ndizo nilizozitazama na kuzirudia. Sisi wa shule ya kutwa hatuna nafasi ya sinema ya saa mbili. Masomo yakiisha kuna matatu ya kukimbilia na kuni za kukata. Mlezi wa chama akituwashia projekta Ijumaa, Chaplin mmoja ndiye anayetutosha, na mbavu huwa zimeshavunjika.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Babake na mamake wote walikuwa waimbaji katika majumba ya michezo. Baba alikuwa mtu wa chupa, akaiacha jamaa yake mapema, na pombe ikamuua mwaka 1901 akiwa na miaka 38 tu. Mama, Hannah, alibaki na wavulana wawili, Charlie na kakake wa mama mmoja, Sydney. Kisha sauti ikaanza kumtoka. Charlie mwenyewe alisimulia kwamba siku moja sauti ya mama ilikatika jukwaani, watu wakazomea, naye akiwa na umri wa miaka mitano akasukumwa mbele aimbe badala yake. Aliimba, watu wakamtupia sarafu, naye akasimamisha wimbo akawaambia ataendelea akishaziokota! Watu wakafa kwa kicheko. Baada ya hapo kazi ya mama ya kuimba ilififia.

Uingereza ya siku hizo ilikuwa nchi tajiri kupindukia, lakini mkata alikuwa mkata. Kulikuwa na nyumba za maskini, ambako mtu asiye na mbele wala nyuma alipewa uji na mahali pa kulala, naye akafanyishwa kazi. Ukiingia na jamaa yako mnatenganishwa, mama kule, watoto huku. Mwaka 1896 Hannah na wanawe waliingia katika ile ya Lambeth. Charlie alikuwa na miaka saba. Baadaye watoto walipelekwa Hanwell, nje ya London, kwenye shule ya mayatima na mafukara. Huko alishikwa na mapunye, akanyolewa kipara, akapakwa dawa ya ayodini na kutengwa na wenzake. Mwenye kujua vile watoto wanavyoweza kumcheka mtu aliyenyolewa kipara hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna kisa kimoja cha utotoni ambacho mimi nakiona ni ufunguo wa kazi yake yote. Wakati fulani walikuwa wamepanga karibu na kichinjio. Siku moja kondoo alichoropoka, akakimbia barabarani. Wachinjaji wakamfuata, wengine wakaanguka, wengine wakagongana, na watu wote pale wakacheka, Charlie naye akicheka kama kichaa. Hatimaye kondoo akakamatwa na kurudishwa ndani. Hapo ndipo mtoto alipotambua anakorudishwa ni wapi. Alikimbia nyumbani kwa mamake akilia kwamba watamuua. Alipokuwa mzee aliandika kwamba huenda sinema zake zilianzia pale. Nilipokwisha kukisoma kisa hicho nilizitazama tena zile mbio za polisi, nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona: Chaplin anachekesha akikimbizwa kwa kuwa yule anayekimbizwa yuko hatarini kweli.

Mwaka 1903, akiwa na miaka 14, alifika nyumbani akakuta watoto wa jirani langoni. Walimwambia mamake amerukwa na akili, alikuwa akibisha milango na kugawa vipande vya makaa ya mawe akisema ni zawadi za watoto. Sydney alikuwa baharini akifanya kazi melini. Charlie alimshika mama mkono akamtembeza hadi hospitali, mama mwenyewe akiyumba kwa njaa. Kisha kijana akaishi kwa kujificha-ficha, asionekane na wakuu wasije wakamrudisha kwenye nyumba ya maskini. Aliwasaidia wapasua kuni mpaka kakake aliporejea. Kwa hivyo ukiona yule mzururaji wa sinema akigeuka pembeni ghafla kwa kuwa ameona kofia ya polisi, usidhani alifundishwa hilo na mwelekezi fulani.

Kazi ya jukwaani alikuwa ameianza kabla ya hapo, akicheza ngoma ya viatu vya mbao na kikundi cha wavulana. Mwaka huohuo wa 1903 alipata nafasi ya kuigiza mtumishi mdogo katika mchezo wa Sherlock Holmes. Mwaka 1908 Sydney alimwingiza katika kampuni ya Fred Karno, na hiyo ndiyo ilikuwa chuo kikuu chake. Kwa Karno ulijifunza kuanguka bila kuumia, kupigwa teke kwa wakati barabara, na kuchekesha bila kutamka neno. Charlie aliigiza mlevi. Jamani, mtoto wa mlevi aliyekufa kwa ulevi ndiye aliyekuwa mlevi bora wa majukwaa ya Uingereza! Kampuni hiyo ikampeleka Marekani mwaka 1910, ikamrudisha tena huko 1912, na mwaka uliofuata kampuni ya sinema ya Keystone ikamwajiri kwa dola 150 kwa wiki.

Ile sura tuijuayo ilionekana Februari 1914. Alieleza kwamba alitaka kila kitu kipingane na kingine: suruali pana, koti la kubana, kofia ndogo, viatu vikubwa. Masharubu yalikuwa ya kumwongezea umri. Sisi tulionunuliwa sare kubwa tulipoingia kidato cha kwanza, ati tutazikulia, twaijua suruali hiyo vizuri. Sinema ya kwanza watu kumwona hivyo ni Kid Auto Races at Venice, iliyopigwa kwenye mashindano ya kweli ya vigari vya watoto huko California. Hakuna hadithi. Mtu anapiga picha mashindano, na huyu jamaa kila mara anajipitisha mbele ya kamera. Anafukuzwa, anarudi. Basi.

Nikisema kweli, sinema za Keystone hazinipendezi sana. Mwaka 1914 pekee alitokea katika zaidi ya 30, na nyingi ni purukushani tupu, matofali yanarushwa, watu wanatumbukia majini, mwisho. Mwanachama mmoja wa chama chetu anazisifu kuliko zote kwa kuwa zina vita vingi. Mimi namwambia akatazame zile 12 alizoitengenezea kampuni ya Mutual kati ya 1916 na 1917. Mutual walimpa dola 670,000 kwa mwaka, naye alikuwa na miaka 26. Aliyekuwa akila uji wa nyumba ya maskini!

Katika One A.M. (1916) karibu sinema nzima yuko peke yake. Ni bwana tajiri aliyelewa, amerudi usiku, anataka kulala tu. Ngazi zinamshinda, saa ya ukutani inampiga, na kitanda cha kukunjwa ukutani kinamtesa dakika nyingi mpaka analala ndani ya bafu. Wengine wanasema inachosha. Mimi nadhani ni somo kubwa la jinsi mtu mmoja anavyoweza kuzushia ugomvi samani. Katika The Pawnshop (1916) anafanya kazi katika duka la rehani. Mtu maskini anakuja na saa. Charlie anaipima mapigo kama daktari, anaifungua kwa kifungulio cha mkebe, anang'oa vyuma vyote, kisha anamrudishia mwenyewe vyote ndani ya kofia na kutikisa kichwa kuwa haifai. Tulicheka mpaka walimu wakachungulia. Lakini yule mwenye saa, masikini, hakucheka.

Easy Street (1917) ndiyo niipendayo. Mzururaji mwenye njaa anaona tangazo la kutafuta polisi, anajiandikisha. Kumbe polisi wa mtaa huo wanarudi kituoni wakiwa kwenye machela kila siku! Mbabe wa mtaa ni Eric Campbell, jitu la miraba minne ambalo lilikuwa adui wa Charlie katika karibu sinema zote hizo, kabla ya kufa katika ajali ya gari Desemba 1917. Ili kuonyesha nguvu zake, mbabe anaikunja nguzo ya taa ya barabarani. Charlie anamrukia mgongoni, anamvalisha ile taa kichwani na kufungulia gesi mpaka jitu linalala. Baadaye polisi wetu anamkamata mwanamke aliyeiba chakula. Anamtazama, anaona ni njaa, basi badala ya kumpeleka kituoni anakwenda kumwibia mboga zaidi kwa mchuuzi aliyesinzia. Kisha anaingia chumba cha jamaa yenye watoto tele, anawatupia chakula kwa mkono kama mtu anayelisha kuku. Hapo darasa lilicheka, halafu likanyamaza kidogo.

Halafu The Immigrant (1917), yaani Mhamiaji. Alianza kupiga sehemu ya mkahawani, ndipo akarudi nyuma na kubuni safari ya meli iliyowaleta. Melini sahani ya supu inateleza kutoka kwake hadi kwa mwenzake mezani, kila mmoja anakula inapomfikia. Meli inafika New York, wahamiaji wanainua macho kuitazama Sanamu ya Uhuru, na papo hapo maafisa wanawazungushia kamba kama mifugo. Mkahawani, Charlie ameokota sarafu, lakini mfuko wake umetoboka na sarafu imeanguka. Anaanza kula maharagwe moja moja. Anaona mteja aliyepungukiwa na senti kumi akipigwa na wahudumu mpaka nje. Anapapasa mfuko. Hakuna kitu! Mwenye kupata kuitwa jina katika orodha ya wanaorudishwa nyumbani kwa ajili ya karo anaujua mkono ule unaopapasa mfuko ambao mwenyewe anajua hauna kitu. Anaipata tena ile sarafu, analipa kwa madaha, mhudumu anaiuma, nayo inapinda. Ni bandia!

Sinema ndefu nitazipita haraka. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya United Artists pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith. Mwaka 1921 alitoa The Kid, ambamo mzururaji anamlea mtoto aliyetupwa, kisha maafisa wanakuja na gari kumpeleka mtoto kwenye nyumba ya mayatima. Charlie anakimbia juu ya mapaa kumfuata. Safari hii yeye ndiye anayekimbiza. Mwaka huohuo alimleta mamake California, akamtunza huko mpaka alipofariki 1928. Sauti ilipoingia kwenye sinema yeye alikataa kumsemesha yule mzururaji kwa miaka mingi, na alipoanza kusema kwelikweli ilikuwa mwaka 1940, akimkejeli Hitler, aliyezaliwa siku nne tu baada yake.

Kuna jambo ambalo siwezi kulificha kwa kuwa nampenda. Wake zake wawili wa kwanza aliwaoa, mmoja 1918 na mwingine 1924, wakiwa na miaka 16, umri wangu mimi ninayeandika, naye alikuwa mtu mzima. Ndoa zote mbili zilivunjika vibaya. Wapo wanaosema ni mambo ya zamani. Mimi naona msichana wa miaka 16 ni msichana wa miaka 16 tu, na anayejua sana uchungu wa utoto alipaswa kulijua hilo. Ndoa yake ya nne, na Oona O'Neill, ndiyo iliyodumu, wakapata watoto wanane.

Mwaka 1952 alipanda meli kwenda London na jamaa yake. Akiwa baharini serikali ya Marekani, iliyomshuku kuwa mkomunisti, ilifuta ruhusa yake ya kurudi. Yule aliyewaonyesha watu wamezungushiwa kamba mbele ya Sanamu ya Uhuru, kamba ikamzunguka mwenyewe. Akahamia Uswisi. Alirudi Marekani 1972 tu, kupokea tuzo ya Oscar ya heshima, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Mwaka 1975 Malkia wa Uingereza akamfanya kuwa Sir Charles.

Alifariki usiku wa Krismasi mwaka 1977, akiwa na miaka 88, akazikwa kijijini Corsier. Na hata hapo mambo bado! Machi 1978 wezi wawili walifukua jeneza, wakaenda kulificha ardhini katika shamba, kisha wakaipigia simu jamaa yake wakidai fedha. Oona alikataa katakata kulipa. Polisi wakatawanywa kulinda vibanda vya simu vipatavyo mia mbili, kila mmoja akingoja jamaa aingie kupiga. Wezi walinaswa Mei, jeneza likafukuliwa shambani na kurudishwa makaburini. Mara hii kaburi lilimiminiwa zege.