Maurice Stokes

Maurice Stokes (17 Juni 1933 – 6 Aprili 1970) alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka nchini Marekani. Alicheza katika ligi ya NBA kwa misimu mitatu tu, kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, kabla ya jeraha la kichwani kumfanya apooze. Anakumbukwa pia kwa jinsi mchezaji mwenzake, Jack Twyman, alivyomtunza hadi alipofariki.

Maisha ya awali

Stokes alizaliwa Rankin, mji mdogo ulio karibu na Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania. Alisoma katika Chuo cha Saint Francis kilichopo Loretto, jimbo hilohilo. Mwaka 1955 chuo chake kilishika nafasi ya nne katika mashindano ya NIT, lakini Stokes ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano.

Uchezaji

Mwaka huohuo alijiunga na Rochester Royals, timu ambayo leo inaitwa Sacramento Kings. Twyman naye alianza kuichezea msimu huo. Stokes alikuwa fowadi mwenye nguvu, lakini pia mwepesi na hodari wa kutoa pasi. Alitunukiwa tuzo ya Mchezaji Bora Chipukizi wa mwaka 1956. Msimu uliofuata alidaka ribaundi 1,256, ambayo ilikuwa rekodi ya ligi kwa wakati huo. Alichaguliwa kucheza mechi ya nyota wa NBA katika kila msimu aliocheza. Mwaka 1957 timu ilihamia Cincinnati, jimbo la Ohio.

Jeraha

Tarehe 12 Machi 1958, katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Minneapolis Lakers, Stokes alianguka, akagonga kichwa sakafuni na kuzimia. Alizinduliwa, akarudi kucheza. Siku tatu baadaye alicheza mechi ya mtoano mjini Detroit. Akiwa ndani ya ndege ya kurudi Cincinnati aliugua ghafla, akapatwa na degedege na kupoteza fahamu. Alipopata fahamu hakuweza kutembea wala kuzungumza, ingawa akili yake ilibaki timamu.

Msaada wa Twyman

Matibabu yalikuwa ya gharama kubwa, na familia ya Stokes iliishi mbali, Pittsburgh. Twyman, aliyekuwa na umri wa miaka 23 na mwenye familia yake, aliiomba mahakama imfanye mlezi wa Stokes kisheria. Stokes alikuwa Mwamerika mweusi na Twyman alikuwa mzungu, katika kipindi ambacho ubaguzi wa rangi ulikuwa bado mkali nchini Marekani.

Twyman alipigania haki ya Stokes ya kulipwa fidia kama mfanyakazi aliyeumia kazini, na fidia hiyo ikapatikana. Kuanzia mwaka 1958 aliandaa pia mechi ya hisani katika hoteli ya Kutsher's, jimbo la New York. Mechi hiyo ilifanyika kila mwaka na kuwavutia nyota wa NBA, akiwemo Wilt Chamberlain. Mwanzoni wawili hao waliwasiliana kwa Twyman kutaja herufi moja moja na Stokes kupepesa jicho kwenye herufi aliyoitaka. Kwa mazoezi ya miaka mingi, Stokes alirudisha sehemu ya uwezo wake wa kusema na kutumia mikono, hata akachora picha.

Kifo na kumbukumbu

Stokes alifariki Cincinnati kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 36. Kwa ombi lake, alizikwa katika eneo la chuo chake, Loretto. Filamu kuhusu maisha yake, Maurie, ilitolewa mwaka 1973.

Twyman aliingizwa katika Ukumbi wa Umashuhuri wa Mpira wa Kikapu mwaka 1983. Stokes aliingizwa mwaka 2004, na Twyman ndiye aliyempokelea heshima hiyo. Twyman alifariki mwaka 2012. Mwaka 2013 NBA ilianzisha Tuzo ya Twyman–Stokes, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji anayewafaa wenzake zaidi kwa uongozi na moyo wa kujitolea. Wa kwanza kuipata alikuwa mkongwe Chauncey Billups.