George Bellows: Mchoraji aliyeona ujasiri katika kuanguka

KATIKA sanaa ya kale na ya sasa, mshindi huchorwa akiwa amesimama, naye mshinde akiwa chini. George Bellows, mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925, aliigeuza desturi hiyo. Katika mchoro wake maarufu zaidi wa ndondi, anayeporomoka nje ya ulingo ndiye aliyeibuka mshindi.

Bellows alizaliwa Agosti 1882 mjini Columbus, jimbo la Ohio. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka wa 1901, ambako alisifika kwa kucheza besiboli na mpira wa vikapu. Hata hivyo, aliacha masomo mwaka wa 1904 kabla ya kufuzu, akaelekea New York kutafuta riziki kwa brashi na rangi.

Huko alifunzwa na Robert Henri, mwalimu aliyewahimiza wanafunzi wake kuwachora watu wa kawaida badala ya mabwanyenye waliovalia nadhifu. Bellows aliuzingatia wosia huo. Aliwachora watoto wa maskini wakiogelea mtoni, vibarua wa bandarini na shimo kubwa lililochimbwa ili kujengwa kituo cha reli.

Karibu na chumba chake cha kazi, katika barabara ya Broadway, palikuwa na klabu ya Tom Sharkey, baharia wa zamani aliyewahi kuwa bondia mashuhuri. Wakati huo sheria ya New York ilipiga marufuku ndondi za hadharani. Ili kuikwepa, wenye klabu waliwasajili mabondia kuwa wanachama kwa usiku mmoja tu, pigano likahesabiwa kuwa shughuli ya ndani.

Ni katika ukumbi huo uliojaa moshi wa sigara ambapo Bellows alipata mada iliyomjengea jina. Mwaka wa 1909 alichora "Stag at Sharkey's", ambapo mabondia wawili wamekabana, misuli imewatutumka na nyuso zao hazionekani vyema. Zinazoonekana ni nyuso za watazamaji wanaofurahia mateso ya wengine.

Mwaka huo huo alichora "Both Members of This Club", yaani wote wawili ni wanachama wa klabu hii. Bondia mweusi anamsukuma mpinzani wake mzungu, ambaye magoti yanamlegea na uso umelowa damu. Miezi michache awali, Desemba 1908, Jack Johnson alikuwa amekuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa uzani wa juu, jambo lililowakera wazungu wengi wa Marekani. Anwani ya mchoro huo ilikuwa kejeli, kwani usawa wa wawili hao ulikuwa wa ulingoni tu.

Ndondi ziliporuhusiwa kisheria, Bellows alitumwa na gazeti kuchora pigano la Septemba 14, 1923, katika uwanja wa Polo Grounds, New York. Bingwa Jack Dempsey alikabiliana na Luis Firpo wa Argentina mbele ya watu wapatao 80,000.

Katika raundi ya kwanza Firpo aliangushwa mara saba, na kila mara aliinuka. Kisha akamtwanga Dempsey konde lililomtupa nje ya kamba, juu ya meza za wanahabari. Dempsey alirejea ulingoni, na katika raundi ya pili akammaliza Firpo. Pigano lote halikufika dakika nne.

Bellows angeweza kumchora bingwa akishangilia. Badala yake, katika picha aliyoikamilisha mwaka wa 1924, alichagua nukta ambayo Dempsey yuko hewani, miguu juu, naye Firpo amesimama imara. Hivyo anayeitazama huwakumbuka wote wawili: aliyerudi akashinda, na aliyeinuka mara saba lakini bado akashindwa. Ustahimilivu wa binadamu haupimwi kwa matokeo pekee.

Mchoraji mwenyewe hakuishi kuiona picha hiyo ikisifiwa duniani. Kidole tumbo chake kilipasuka, na enzi hizo dawa za antibiotiki hazikuwapo. Alifariki Januari 8, 1925, akiwa na umri wa miaka 42, akamwacha mkewe Emma na binti wawili.

Mwaka wa 2014, jumba la National Gallery la London lilinunua mchoro wake wa vibarua wa bandarini kwa dola milioni 25.5. Picha ya Dempsey na Firpo nayo imehifadhiwa katika jumba la Whitney, New York. Ndani yake bingwa angali anaanguka, na Firpo, aliyeshindwa usiku ule, angali amesimama.