Pierre Fauchard, Mganga wa Meno

Zamani, katika miji ya Ulaya, mtu aliyeumwa na jino hakujua pa kukimbilia. Jino likioza, alivumilia. Shavu likivimba, alilifunga kwa kitambaa akazidi kuvumilia. Usiku hakulala, mchana hakula. Hata hivyo alikataa kabisa kwenda kung'olewa jino, kwa maana alimwogopa mng'oa meno kuliko ugonjwa wenyewe. Wengine walingoja hivyo mpaka usaha ukaenea mwilini, wakafa kwa sababu ya jino moja tu.

Je, watu hao walikuwa wapumbavu? Sivyo. Walikuwa na sababu ya kuogopa. Mtu mmoja wa Ufaransa aliijua sababu hiyo, akafanya kazi miaka mingi ili kuipunguza. Jina lake Pierre Fauchard.

Fauchard alizaliwa karibu na mwaka 1678, upande wa magharibi wa inchi ya Ufaransa. Alipopata miaka 15 aliingia katika merikebu za vita za mfalme Louis wa 14. Huko alijifunza kazi kwa mganga mkubwa wa merikebu, aliyeitwa Alexandre Poteleret. Mganga huyo alikuwa amechunguza sana magonjwa ya kinywa.

Wagonjwa hawakukosekana. Mabaharia walikaa baharini miezi mingi, wakila nyama ya chumvi na mikate mikavu, pasipo matunda wala mboga. Basi wakapatwa na kiseyeye. Ufizi ulivimba, ukatoka damu, ukaoza. Meno yalilegea, yakaanguka yenyewe. Siku hizi twajua ya kuwa miili yao ilikosa vitamini C, iliyomo katika machungwa, malimau na mboga za majani. Wakati ule watu hawakujua jambo hilo. Lakini Fauchard aliona wazi jinsi kinywa kibovu kinavyoweza kumwangusha mtu mwenye nguvu.

Baada ya miaka michache aliiacha merikebu, akakaa katika mji wa Angers. Akawatibu watu meno huko, na katika miji mingine ya jirani. Vyombo vya kazi hiyo vilikuwa vichache na vibaya. Basi akatazama vyombo vya watengeneza saa, vya wafua zahabu na vya vinyozi. Akachukua hiki na kile, akavigeuza vimfae mtu mwenye jino bovu.

Kisha akahamia Paris, mji mkubwa wa Ufaransa. Mwaka 1699 mfalme alikuwa ametoa sheria ya kwamba mtu atakaye kutibu meno mjini afanye kwanza mtihani. Lakini ni rahisi kuandika sheria kuliko kuwafukuza wadanganyifu. Juu ya daraja lililoitwa Pont-Neuf, katikati ya mji, wang'oa meno waliendelea kusimama kila siku na kuita watu. Wengine walikuja na ngoma na tarumbeta. Ngoma zile zilivuta watu, tena zilifunika kilio cha mgonjwa.

Fauchard alichunguza hila zao. Mng'oa meno alimlipa mtu maskini feza kidogo, akamwambia ajichanganye na watu, ajifanye anaumwa sana. Mtu yule alipofika mbele, mng'oa meno alikuwa ameficha mkononi jino la mtu mwingine, limefungwa katika utando mwembamba pamoja na damu ya kuku. Alitia mkono kinywani mwa yule maskini na kuliacha jino mle. Kisha aligusa jino lake kwa jani kavu, au kwa ncha ya upanga, au alipiga kengele karibu na sikio lake. Mara yule maskini aliupasua utando kwa meno, akatema damu na jino. Watu wakashangaa! Jino limetoka pasipo maumivu!

Basi mgonjwa wa kweli alisogea mbele kwa matumaini. Huyo hakuweza kutibiwa kwa damu ya kuku. Mng'oa meno alimwambia ya kuwa uvimbe ni mkubwa mno, angoje siku chache. Au ya kuwa jino lile ni jino la jicho, haifai kuling'oa. Mgonjwa alirudi nyumbani na maumivu yake, na siku nyingine hakumsadiki tena mtu yeyote. Hata leo Wafaransa wana msemo wa kumlinganisha mwongo na mng'oa meno.

Jambo jingine lilimchukiza Fauchard. Waganga wengi walimketisha mgonjwa chini, sakafuni, wakakibana kichwa chake katikati ya magoti yao. Fauchard alisema ya kuwa desturi hiyo ni ya aibu na uchafu, tena inamtia mgonjwa hofu bure, hasa mwanamke mwenye mimba. Yeye alitaka mgonjwa aketi katika kiti imara, kisafi, chenye mahali pa kuegemeza mikono na mto laini nyuma. Kwetu kiti ni jambo dogo. Kwa mtu anayetetemeka si jambo dogo.

Lakini zaidi ya kiti, wagonjwa walitaka kubaki na meno yao. Zamani, mara nyingi dawa ilikuwa moja tu: kung'oa. Fauchard alijaribu kwanza kuliponya jino. Alikwangua mahali palipooza, akaziba tundu kwa risasi, au bati, au zahabu. Meno yaliyopinda aliyanyosha kidogo kidogo. Mtu aliyekosa meno alimtengenezea mengine. Tangu hapo, kwenda kwa mganga wa meno hakukuwa tena sawa na kwenda kupoteza jino.

Tena watu wa siku zile walisadiki ya kuwa meno hutobolewa na mdudu mdogo akaaye ndani. Fauchard hakubishana kwa maneno matupu. Alitazama meno mabovu kwa macho yake, kisha kwa kioo cha kukuzia vitu vidogo sana, na hakumwona mdudu huyo. Akawaonya watu juu ya sukari na vitu vitamu, kwa kuwa vinaharibu meno. Akawataka waoshe meno kila siku kwa maji ya vuguvugu na sifongo.

Si kila shauri lake lilikuwa zuri. Aliwaambia wagonjwa wengine wasukutue kinywa kwa mkojo wao wenyewe! Shauri hilo waganga wa leo wameliacha, na hakuna anayelililia.

Wenzake wengi katika kazi ile walificha ujuzi wao, kwa maana siri ilikuwa chakula chao. Fauchard alifanya kinyume. Mwaka 1723 alikuwa amemaliza kuandika yote aliyoyajua. Lakini hakuharakisha kuyachapa. Kwanza aliwapa waganga na wenye elimu wa Paris wayasome na kuyasahihisha, akangoja miaka mitano. Kitabu kilitoka mwaka 1728, katika mafungu mawili, chenye picha nyingi za vyombo vyake. Ndani yake aliandika pia hila za daraja la Pont-Neuf, ili kila mtu azijue. Mwaka 1733 Wajerumani walikisoma katika lugha yao. Mwaka 1746 kikachapwa tena, kikiwa kimeongezwa.

Jambo moja Fauchard hakuliweza. Hakuwa na dawa ya kuondoa maumivu ya kung'olewa jino. Alipolazimika kung'oa, alitegemea mkono mwepesi na uvumilivu wa mgonjwa, wala hakusema uongo juu ya hayo. Dawa hiyo ilikuja nyuma yake, huko Marekani. Tarehe 30 Septemba 1846, katika mji wa Boston, mganga wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa hewa ya dawa iitwayo etha. Mgonjwa akalala, na jino likang'olewa pasipo kusikia kitu. Safari hii hapakuwa na utando wala damu ya kuku.

Fauchard alikuwa amekufa zamani. Alifariki Paris mwezi wa Machi 1761, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80. Katika siku zake za mwisho wang'oa meno wa barabarani walikuwa wangali wakipiga ngoma mjini, lakini vijana waliotaka kujifunza kazi kweli walikuwa na kitabu chake mkononi.