Owen wa Kavirondo na Haki ya Mlipa Kodi

Kila serikali inapotangaza nyongeza ya ushuru kwa ajili ya barabara au reli, mjadala wetu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hulalama kwamba mwananchi amekamuliwa hata hana tena cha kukamuliwa. Upande wa pili hujibu kwamba barabara hazishuki kutoka mbinguni. Pande zote mbili zina ukweli, na yamkini ndiyo sababu mjadala wenyewe haufiki popote. Leo ningependa kuwarejesha wasomaji, hasa walimu na wanafunzi, kwa mtu aliyelikabili suala hili hili hapa petu ukingoni mwa ziwa takriban karne moja iliyopita. Mtu huyo ni Walter Edwin Owen, mmisionari Mwingereza ambaye wazee wa Nyanza walimfahamu kama Arkidiakoni, cheo cha Kanisa la Kianglikana kilicho chini kidogo ya uaskofu.

Owen alizaliwa Birmingham katika miaka ya 1870. Mwaka 1904 alitumwa Uganda na Shirika la Kimisionari la Kanisa, CMS, na mwaka 1918 akateuliwa kuwa Arkidiakoni wa Kavirondo, jina ambalo wakoloni waliliita eneo ambalo leo tunalijua kama Nyanza na Magharibi. Alifika wakati mbaya. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa ndiyo kwanza vinamalizika, na vijana wengi wa eneo hili waliochukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi hawakurudi makwao. Mwaka 1920 nchi ikatangazwa kuwa koloni. Kipande kikaanza kuning'inizwa shingoni mwa wanaume. Mwaka 1921 kodi ya nyumba na ya kichwa ikapandishwa hadi shilingi 16, na hali mishahara ya vibarua ilikuwa ikipunguzwa.

Kodi hiyo ya nyumba ilikuwa na kasoro ambayo mwanafunzi wa uchumi ataitambua mara moja. Haikupima uwezo wa mtu, ilihesabu mapaa. Mwenye ng'ombe mia na asiyekuwa na kuku walitozwa kiwango kile kile kwa kila nyumba. Wala fedha zilizokusanywa hazikurudi zilikotoka. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, lakini katika miaka ya 1920 njia mpya ya Uasin Gishu ilipitishwa katikati ya mashamba ya walowezi. Barabara za vijijini, kwa upande wake, zilijengwa kwa mikono ya wanavijiji wenyewe. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu mamlaka ya kuwaita watu kufanya kazi za umma bila ujira, hadi siku 24 kwa mwaka. Hivyo basi mkazi wa Kavirondo alilipia barabara mara mbili: mara ya kwanza kwa fedha zilizokwenda kwingine, mara ya pili kwa jasho lake.

Wa kwanza kupaza sauti hawakuwa wamisionari. Walikuwa vijana wa Kiafrika waliosoma Maseno, wakiongozwa na mwalimu Jonathan Okwiri. Desemba 1921 walikutana Lundha, Gem, wakaanzisha chama kilichojulikana na wengi kwa jina la Piny Owacho. Mimi kama mwanaisimu hulistaajabia jina hilo, maana kwa Kijaluo ni kusema kwamba nchi imenena. Si chifu wala kabaila, bali nchi yenyewe. Walidai kodi ipunguzwe, kipande kifutwe na kambi za vibarua zifungwe. Julai 1922 Gavana Edward Northey alilazimika kuja Nyahera, mwendo mfupi kutoka mjini Kisumu, kuwasikiliza. Kodi ikateremshwa hadi shilingi 12. Huo ulikuwa ushindi, na haifai ufutwe na sifa za mtu mwingine yeyote.

Hapo ndipo Owen alipoingia. Serikali ilikuwa na hofu kwamba vuguvugu hilo lingeishia pale lilipoishia lile la Harry Thuku, ambapo watu walipigwa risasi jijini Nairobi mwezi Machi 1922. Owen akawashawishi viongozi wa Piny Owacho wakubali chama kipya chini ya uenyekiti wake. Mwaka 1923 kikazaliwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo. Wanachama waliahidi kupanda miti, kuchimba vyoo, kuua panya na kulala vitandani. Maafisa wa serikali wakapewa nyadhifa za heshima ndani yake.

Wanahistoria wengi wamemlaumu Owen kwa hatua hiyo, na lawama yao ina msingi. Alichukua moto akaugeuza makaa. Mikutano ya halaiki ikageuka kuwa barua na risala, na madai makubwa ya utawala yakasogezwa pembeni ili panya na vyoo vipate nafasi. Kufikia mwaka 1931 chama kilikuwa kimegawanyika, Wajaluo upande mmoja na Waluhya upande mwingine. Owen hakuwa mpinzani wa himaya. Aliamini kwamba utawala wa Kiingereza ungeweza kutengenezwa ukatenda haki. Imani hiyo haikutimia.

Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika miaka ya 1920 Owen aliandika kwa maafisa, malalamiko juu ya malalamiko, kuhusu wanawake na watoto waliolazimishwa kutengeneza barabara bila malipo. Alipopuuzwa hapa, alipeleka habari kwa magazeti ya Uingereza. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega na serikali ikabadilisha sheria ya ardhi mwaka 1932 ili iwaondoe wenyeji bila kuwapa ardhi nyingine, alipinga waziwazi. Walowezi walimchukia hata wakakipotosha cheo chake cha Kiingereza kwa silabi moja tu, kikawa na maana ya pepo mkuu. Alipopata nafasi alichimbua visukuku na zana za mawe za watu wa kale, kazi iliyomkutanisha na Louis Leakey. Alifariki mwaka 1945.

Nikitafakari maisha hayo, jambo linalonivutia zaidi ni jina la chama chake. Wenyeji wa Kavirondo walikuwa wakiitwa raia watiifu, vibarua au makabila. Jina hilo jipya liliwaita walipa kodi, yaani watu wanaodai. Lugha yetu inaliunga mkono wazo hilo. Neno ushuru tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni sehemu ya kumi, na Wajaluo nao wakalichukua wakaliita osuru. Neno kodi lina maana mbili kwa Waswahili: malipo kwa serikali, na malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Mpangaji aliyelipa kodi ana haki ya kuuliza kwa nini paa linavuja. Kwa nini basi aliyelipa kodi ya barabara aonekane mkaidi anapouliza kuhusu mashimo?

Tuyatazame mambo ya siku zetu kwa mizani hiyo. Sheria ya mwaka 1993 ilianzisha ada ya matengenezo ya barabara, inayotozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Julai 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25, wiki chache tu baada ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kuondolewa kufuatia maandamano ya vijana. Mwaka uliofuata serikali iliamua kuweka rehani shilingi 7 katika kila 25 ili ipate fedha za kuwalipa makandarasi madeni ya zamani. Magavana na wabunge nao walikuwa wakivutana kuhusu shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo huo, kila upande ukidai kwamba ndio unaostahili kuzitumia.

Mama anayetoka hapa Migosi alfajiri kwa bodaboda au tuktuk kwenda soko la Kibuye hana gari, lakini ada hiyo anailipa ndani ya nauli, na akirudi anailipa tena ndani ya bei ya nyanya. Kama ilivyokuwa kwa kodi ya nyumba, kiwango ni kimoja kwake na kwa mwenye gari la kifahari. Sisemi ada ifutwe. Barabara hazijengwi kwa maombi, na anayesafiri ni haki achangie. Nasema kwamba anayelipa bila kujua analipa ananyimwa hata nafasi ya kuuliza.

Wapo wanaopendekeza kaunti zipewe uwezo wa kutoza kodi ya mauzo ili zigharimie barabara na usafiri wa umma. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 209, imeziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali na ya burudani, pamoja na ada za huduma. Kodi ya ongezeko la thamani ni ya serikali ya kitaifa. Wazo lenyewe si geni. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoanza mwaka 1925 yalitoza michango ya mahali, na wananchi wengi waliitoa kwa sababu waliiona shule ikiinuka mbele ya macho yao. Kodi ya karibu ina faida hiyo: mlipaji humjua mkusanyaji, na hulijua shimo lililoahidiwa kuzibwa. Lakini ikiongezwa juu ya ada zilizopo bila hesabu ya wazi, itakuwa ni kulipia barabara mara mbili, kama enzi za Owen.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wa historia na uraia wasimfundishe Owen kama malaika wala kama wakala tu wa ukoloni. Wamfundishe pamoja na Okwiri na wenzake, kisha wawape wanafunzi bajeti ya kaunti yao, ambayo ni hati ya umma, watafute humo barabara wanayopita kila siku kwenda shuleni. Wakiikosa, wajifunze kuandika barua ya kuiulizia.